Kinachowaka ni Mvuke: Mbinu za Kuishi Salama na Nishati za Nyumbani

Washa mshumaa, uuache uwake dakika mbili tatu mpaka nta ya juu iyeyuke. Upulize uzimike. Utaona uzi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye ule uzi, kidole kimoja au viwili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utaruka kutoka kwenye njiti, utashuka na ule uzi mweupe, na mshumaa utawaka tena.

Ule weupe ni nta iliyogeuka mvuke, na sasa inaanza kupoa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilionyesha jambo hili mbele ya vijana wa London katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860 kuingia 1861, iliyohusu mshumaa tu mwanzo hadi mwisho. Nta ngumu haiwaki. Nta iliyoyeyuka nayo haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa.

Karibu kila nishati iliyomo nyumbani inafuata kanuni hiyo: kuni, mafuta ya taa, petroli, gesi, hata mafuta ya kukaangia samaki. Mkaa peke yake una tabia tofauti kidogo, nayo tutaiona. Anayeijua kanuni hii hahitaji kukariri orodha ndefu ya makatazo. Anaiuliza kila nishati maswali matatu: inahitaji joto kiasi gani ndipo itoe mvuke unaowaka? Mvuke huo, au gesi inayotoka humo, huelekea wapi? Na nikitaka kuukata, nifunge nini? Mbinu zote zilizomo humu ni majibu ya maswali hayo.

Joto lilivyowekwa akiba

Mti unapokua, majani yake huvuta hewa ukaa na maji. Nguvu ya jua huviachanisha na kuvipanga upya: oksijeni inarudishwa hewani, kaboni na haidrojeni zinabaki kwenye shina na matawi. Kuni, basi, ni kibubu cha jua. Mafuta ya petroli na gesi yametokana na jua hilohilo, ila mweka akiba alikuwa viumbe wadogo wa baharini, waliofukiwa chini ya tope na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka.

Siku tunapowasha moto, kaboni na haidrojeni zinaungana tena na oksijeni, zinarudi kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji, na nguvu iliyotumika kuziachanisha inatoka kama joto na mwanga. Kumbuka kwamba nusu ya shughuli hii inafanyika hewani. Petroli iliyofungwa vizuri ndani ya tangi haiwezi kuwaka humo, kwa sababu haina oksijeni ya kutosha ya kuungana nayo. Hatari huanza pale kifuniko kinapofunguka.

Kiasi cha joto kilichomo kinatofautiana. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri kwa jua ina takriban megajuli 15 hadi 16. Mkaa una 28 hadi 30, mafuta ya taa kama 43, na gesi ya mtungi kama 46. Megajuli moja, kama isingepotea hata kidogo, ingechemsha lita tatu za maji ya kawaida.

Lakini inapotea, tena sana. Chukua sufuria ya lita 5 za maji ya bomba. Kwa mafiga matatu, ambayo kwa kawaida hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 12 tu ya joto la kuni, utahitaji karibu gramu 800 za kuni kavu. Kwa jiko la mkaa la bati, kama gramu 270 za mkaa. Kwa jiko la bati lililojengewa udongo ndani, karibu gramu 180. Kwa gesi, gramu 60 na kidogo. Haya ni makadirio, maana upepo, mfuniko na ukubwa wa sufuria hubadilisha hesabu, ila yanatosha kuonyesha mambo mawili. Kwanza, jiko lenyewe lina uzito kama ilivyo nishati. Pili, ule mtungi mdogo wa kilo 6 umebeba takriban megajuli 275: joto la kuchemsha sufuria hiyo mara tisini na kitu. Si kitu cha kuviringisha kwa mguu.

Kuni: moshi ni chakula cha moto kinachotoroka

Gogo likiwekwa motoni, kwanza linatoa maji. Maji yakiisha na joto likapita nyuzi 200 za Selsiasi, mti wenyewe unaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha na joto la kutosha, ndizo miali unayoiona. Zikikosa kimojawapo, zinaondoka zikiwa moshi, zinawasha macho, zinaganda kama masizi kwenye sufuria na dari, na joto lake limepotea bure. Kwa hiyo mbinu za kupunguza kuni na mbinu za kupunguza moshi ni zilezile:

1. Kausha. Katika kuni mbichi, karibu nusu ya uzito ni maji, na moto unapoteza nguvu kuyachemsha kabla haujakuchemshia chochote. Pasua, panga juu ya mawe au vipande vya mbao zisiguse ardhi, funika juu tu, acha pembeni upepo upite. Kuni kavu ni nyepesi, ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinatoa mlio mkali.
2. Pasua ndogo. Kipande chembamba hupata joto upesi na kutoa gesi yake mahali penye mwali, badala ya kufuka tu.
3. Usijaze mdomo wa jiko. Hewa inaingilia chini na ubavuni. Ukiuziba mdomo kwa magogo, umekata oksijeni na kununua moshi.
4. Funika sufuria, na loweka maharage tangu usiku. Joto usilolihitaji ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Usalama wa kuni una sehemu moja inayosahaulika: nyuma. Gogo refu linalochungulia nje ya jiko hurudisha moto kwenye sakafu mara ncha ya ndani inapokatika, na mtoto anayepita hulikwaa sufuria ikamwagika. Kata kuni zilingane na jiko. Usikaushe kuni juu ya moto unaowaka. Zinapashwa joto mpaka zinakaribia kutoa gesi, na cheche moja inamalizia kazi. Chini ya paa la makuti au nyasi, hesabu cheche kuwa sehemu ya moto: acha nafasi kubwa juu, na weka ndoo ya maji karibu kabla ya kuwasha.

Mkaa: hauna moshi, una sumu

Mkaa ni kuni iliyokwishatoa gesi zake. Zilitokea kwenye tanuru, chini ya udongo, na katika matanuru ya kienyeji mara nyingi huhitajika kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Kinachobaki karibu chote ni kaboni. Kaboni haigeuki mvuke kwa joto la jikoni. Inawaka palepale kwenye uso wake, ndiyo maana mkaa unang'aa bila miali mikubwa. Basi watu hudhani hautoi kitu.

Unatoa. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha hutoa hewa ukaa. Ikipata pungufu, hutoa kaboni monoksidi. Ile miali ya buluu inayocheza juu ya mkaa mwekundu ni gesi hiyo ikiwaka. Isipowaka, inaingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikifika kwenye damu, inang'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hapati hata dalili hizo, anapitiliza.

Sehemu za baridi kama Makete, Njombe, Lushoto au Limuru, miezi ya Juni na Julai, jiko la mkaa huingizwa ndani usiku kuota moto. Sheria hapa ni moja na haina nusu: mkaa usilale na watu. Hoja kwamba "umeshakolea, hauna moshi" haisaidii, maana gesi hii haitegemei moshi. Jiko jekundu lisilo na miali bado linaitoa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kulinda chumba cha kulala. Ota moto kabla ya kulala, milango ikiwa wazi, kisha toa jiko nje kabisa na ulale na mablanketi.

Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye mkaa, fungua mlango, vuta pumzi ukiwa nje, mtoe, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Na usikae ndani ukimpepea humohumo. Wewe nawe unapumua.

Mkaa una tabia nyingine ya kuweka akilini: unaficha moto. Majivu hufunika kaa jekundu na kulihifadhi hadi asubuhi. Usimwage majivu ya jana kwenye jalala lenye karatasi au kwenye ndoo ya plastiki bila kuyamwagia maji na kuyakoroga. Nao mkaa uliotoka tanuruni karibuni unaweza kujipasha joto wenyewe na kushika moto ndani ya gunia. Usiuingize ndani siku hiyohiyo.

Mafuta ya taa na petroli: rangi zinafanana, tabia hazifanani

Hapa lile swali la kwanza ndilo linaloamua kila kitu. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yafike kama nyuzi 38 au zaidi. Dizeli huhitaji zaidi ya 50. Petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake, hakuna saa hata moja ya usiku au mchana, Dar es Salaam au kileleni Kilimanjaro, ambapo petroli iliyo wazi haijajiandaa kuwaka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia mtaroni, na unaweza kukutana na jiko lililo mbali na dumu.

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo nchini Kenya, watu walikusanyika kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa hivyo Msamvu, Morogoro. Katika kila ajali walikufa watu zaidi ya 100. Wengi hawakuwa wamesimama motoni. Walikuwa wamesimama ndani ya mvuke. Mtu aliyezungukwa na mvuke wa petroli hana pa kukimbilia, kwa sababu moto unapita hewani haraka kuliko miguu. Ukiona lori la mafuta limepinduka, usisogee. Ondoka kuelekea upepo unakotokea na mahali palipoinuka, usiwashe pikipiki hapo, na waite wengine waondoke.

Nyumbani na kazini:

- Usiweke petroli ndani ya nyumba, hata kama ni ya jenereta au ya bodaboda. Ikibidi kuihifadhi, iwe kwenye chombo maalumu kilichofungwa, nje, kivulini, mbali na jiko.
- Ukijaza dumu kituoni, literemshe kwanza kutoka kwenye gari au pikipiki, liweke chini. Mafuta yanapotiririka hukusanya umeme tuli, na dumu likigusa ardhi umeme huo unapata njia ya kutokea kabla haujageuka cheche.
- Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa mafuta, na isifanye kazi ndani wala barazani chini ya dirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi ileile ya mkaa.
- Usichochee mkaa kwa petroli. Kabla njiti haijagusa mkaa, mvuke umeshakuzunguka mikono na nguo.

Kwa mafuta ya taa, utambi ndio unaofanya kazi: unayapandisha kidogo kidogo, na joto la mwali linayageuza mvuke juu tu. Tangi la chini linapaswa kubaki la baridi. Jiko lililopika maharage saa mbili limeshapasha tangi lake, na pengine limepita zile nyuzi 38. Kuongeza mafuta wakati huo, jiko likiwaka au likiwa la moto, ni kumimina juu ya mvuke ulio tayari. Zima, subiri lipoe uweze kuligusa, ongeza, futa yaliyomwagika, ndipo uwashe. Koroboi nayo vilevile. Nunua mafuta ya taa mahali unapopaamini: yakichanganywa na petroli kidogo tu, tabia yote inageuka kuwa ya petroli, na jiko linaweza kulipuka mkononi. Mafuta yenye harufu ya petroli au yanayowaka kwa kurukaruka yaache.

Usiyatie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, maana yakipanda yanaingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Majiko ya ethanoli, yanayozidi kuonekana mijini, yako katikati. Ethanoli hutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi kama 13 hadi 17, yaani mchana wowote wa pwani. Tena mwali wake hauonekani vizuri kwenye mwanga wa jua. Kabla ya kuongeza, hakikisha kwa kiganja kilichoinuliwa juu, kwa mbali, kwamba hakuna joto linalopanda.

Gesi: mvuke uliokwisha kuwa tayari

Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa ikawa maji. Ukifungua, inachemka yenyewe bila moto: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri. Lita moja ya gesi ya maji hutanuka ikawa karibu lita 250 za gesi. Swali la kwanza limekwisha kujibiwa: haihitaji joto lolote. Yanabaki mawili.

Inaelekea wapi? Chini. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hadi mbili. Inajaza sakafu, chini ya kabati, kwenye shimo la maji machafu. Inawaka ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa. Katika chumba cha jiko cha mita tatu kwa tatu, kilo moja tu ya gesi iliyosambaa yatosha kukifanya chumba chote kiwe tayari kulipuka, na kwa kuwa hujikusanya chini, hata pungufu ya hapo ni hatari. Harufu ile kali ya kitu kilichooza si yake. Hutiwa makusudi ili pua ikugutushe. Iheshimu.

Kufunga mtungi mpya:

1. Uweke wima, mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko kadiri mpira unavyoruhusu. Ukilazwa, inatoka gesi ya maji badala ya mvuke, na mwali unakuwa mkubwa ghafla. Pakiwa na uwazi usawa wa sakafu, ni bora zaidi.
2. Kagua mpira. Ukiukunja ukaona nyufa, ukiwa mgumu, umetafunwa na panya, au tarehe iliyochapishwa imepita, nunua mwingine. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo.
3. Angalia kiraba cha ndani ya valvu kipo na ni kizima, kisha funga regulata na ubane ncha mbili za mpira kwa klipu.
4. Vishikizo vyote vya jiko vikiwa vimefungwa, fungua mtungi, paka povu zito la sabuni kwenye valvu, regulata na ncha za mpira. Povu likivimba na kutoa mapovu, panavuja. Funga, kaza, pima tena. Usipime kwa kiberiti kamwe.

Kila siku: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Isiposhika, funga, subiri dakika chache hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko tu. Hapo mpira hauna gesi ya kuvujisha usiku kucha. Gesi ikikaribia kwisha, usiuweke mtungi kwenye maji ya moto, juani au karibu na jiko ili "kuikamua". Joto huongeza mgandamizo. Ukitaka kujua iliyobaki, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo yake, upime, utoe.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa, na usizime iliyowashwa. Swichi hutoa cheche ikifunguliwa na ikifungwa. Simu itumie nje. Funga mtungi kama unafikika, fungua milango zaidi hata ya madirisha kwa kuwa gesi iko chini, toa watu, na kama swichi kuu ya umeme iko nje ya nyumba, izime, maana friji hujiwasha lenyewe bila kukuuliza. Rudi harufu ikiisha kabisa, kisha mwite fundi.

Ikitokea mwali unawaka kwenye regulata, kumbuka ukishauzima mwali bila kufunga gesi, gesi inaendelea kujaa na kungoja cheche nyingine. Kifunge chanzo: kwa kitambaa kilicholowa mkononi, kama unaweza kuifikia valvu bila kupita motoni. Huwezi? Toka, toa watu wote, kaa mbali. Mtungi unaopashwa joto na moto wa nje unaweza kupasuka, na mapande yake huruka mbali.

Mafuta ya kukaangia

Muuza chipsi anajua: karai likianza kutoa moshi wa bluu, limepita kiasi. Karibu na nyuzi 300 mafuta ya kula hutoa mvuke wa kuwaka, na yakizidi hapo hushika moto bila njiti. Wengi hukimbilia maji, na hapo ndipo ajali hugeuka msiba. Maji ni mazito kuliko mafuta, huzama, hukuta joto mara tatu ya kiwango chake cha kuchemka, hugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700, na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini.

Zima jiko. Funika karai kwa mfuniko mkubwa, sinia la bati au kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa, ukikisukuma kutoka upande wako kwenda mbele ili kikukinge. Kisha usikifunue kuchungulia. Mafuta bado yana joto la kujiwasha. Yakipata hewa yanarudia. Subiri yapoe. Na usibebe karai linalowaka kulipeleka nje. Upepo wa mlangoni unakurudishia moto usoni.

Kuzima: toa kimoja katika vitatu

Moto unasimama kwa vitu vitatu: kinachowaka, hewa na joto. Ukiondoa kimoja, moto unakufa, na kila nishati ina kile kilicho rahisi kukiondoa. Kuni, nguo, karatasi, godoro: ondoa joto, kwa maji. Mafuta: ondoa hewa, kwa mfuniko, mchanga, povu au unga mkavu. Gesi: ondoa kinachowaka, kwa kufunga valvu. Umeme: kata swichi kuu kwanza, kisha unga mkavu au hewa ukaa, maji yasiguse mpaka umeme ukatwe.

Kizima moto kidogo cha unga, cha kilo 1 au 2, hutumika sekunde chache tu, kama kumi hivi. Kwa hiyo jua namna yake kabla: simama mita mbili mbali, mlango ukiwa nyuma yako, vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto si kwenye miali, bana, fagia kushoto na kulia. Kiweke karibu na mlango, si kando ya jiko, maana jiko likiwaka hutakifikia. Mshale wa kipimo ubaki kwenye kijani.

Kama moto umekupita urefu, au moshi umeshuka usawa wa kichwa, au moto uko kati yako na mlango, kazi ya kuzima si yako tena. Toka ukiinama, kwa sababu hewa safi imebaki chini, funga mlango nyuma yako kuunyima hewa, na piga simu: Tanzania 114, Kenya 999 au 112. Usirudi kwa ajili ya simu wala fedha.

Nguo zikishika moto, usikimbie. Kukimbia ni kupulizia. Simama, lala chini, jiviringishe, uso umefunikwa kwa mikono. Anayemsaidia mwenzake amfunike kwa blanketi zito la pamba au sufi, si la nailoni, ambalo huyeyuka na kunata ngozini. Kidonda cha moto kimwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, toa pete na nguo isiyonata, funika kwa kitambaa safi, uende hospitali. Dawa ya meno, yai, asali na siagi zibaki kabatini: zinafungia joto ndani na kuingiza uchafu.

Zoezi la leo jioni

Kabla ya kulala, zunguka nyumba na watoto na msichana wa kazi kama yupo. Kila mnapokuta nishati, mtoto mmoja ajibu: inatoa mvuke kwa joto gani, mvuke unaelekea wapi, tunafunga nini. Kisha kila mtu mzima, si baba peke yake, afunge na kufungua valvu ya mtungi kwa mkono wake hadi aijue hata gizani. Kubalianeni mahali pa kukutania nje, mwembeni au getini kwa jirani, na andikeni namba ya zimamoto nyuma ya mlango wa jikoni. Zoezi hilo halizidi nusu saa, na lirudiwe kila anapohamia mtu mpya au linapoletwa jiko jipya.